Mate Yasiyo na Jina

Katika miaka sita ya kazi, hakuna mtoto aliyewahi kumdanganya Ezekia Mlowe. Hayo hayakuwa maneno ya watu. Yalikuwa maneno yake mwenyewe, na aliyasema karibu kila asubuhi akiwa amesimama kwenye lango la Shule ya Msingi Ilungilo, ndani ya koti lake la mvua lililochanika kwapani. "Mtoto akilamba pipi kule Makambako," alikuwa anasema, "mimi nausikia utamu wake hapa." Zamani aliyasema kwa mbwembwe. Siku hizi aliyasema kama mtu anavyofunga vifungo vya shati: mikono inafanya kazi, akili bado imelala.

Jumatatu hiyo ukungu ulikuwa umekaa juu ya shule kama mgeni asiyejua kuaga. Watoto walipita langoni mmoja mmoja, na kila mmoja alipopita, taa ya juu ya nguzo ilitoa rangi yake. Kijani. Kijani. Njano.

"We Fidelis, hiyo njano ni ya nini?"

"Machungwa, mwalimu."

"Ya kula au ya kukamua?"

"Ya kukamua."

"Kesho kula. Meno hukupewa kwa ajili ya picha."

Ezekia hakuwa mwalimu. Alikuwa msoma mate, mtu wa kidato cha nne na kozi ya miezi tisa, lakini shule nzima ilimwita mwalimu, kuanzia mkuu mpaka mpishi, naye hakuona sababu ya kuwasahihisha.

Kila mtoto wa nchi hii alipofikisha miaka sita alibandikwa punje nyuma ya gego la chini. Punje yenyewe ilikuwa ndogo kuliko mbegu ya ulezi na haikuwa na betri. Ililala mchana kutwa, ikaamka kwa sekunde moja tu mtoto anapopita langoni, ikaonja mate, ikataja uchachu wake, ikalala tena. Uchachu tu. Kingine chochote ilikuwa haikijui. Kama mtoto amekunywa kitu kitamu njiani, mdomo ulikuwa umeshachacha, na mate ndiyo kwanza yanahangaika kuusafisha. Mate ni mfanyakazi mzuri, Ezekia alipenda kuwaambia wazazi, ila anahitaji nusu saa, pengine zaidi, kurudisha kwenye jino kile kilichoibwa. Mtoto anayeonjaonja chupa yake tangu asubuhi hadi jioni hampi mfanyakazi huyo hata muda wa kunyoosha mgongo.

Njano ilikuwa onyo. Nyekundu kwa siku arobaini mfululizo ilikuwa Bweni la Maji, kule wilayani, mwaka mzima wa maji na maziwa. Ezekia alikuwa ameshapeleka watoto kumi na mmoja. Wote kumi na mmoja walirudi na meno meupe na damu iliyotulia. Wa mwisho aliporudi, alimwamkia mama yake mzazi, "Shikamoo, mlezi." Mama yule alicheka mbele za watu. Baadaye Ezekia alimkuta nyuma ya jiko la shule, na hakuwa anacheka. Tangu siku hiyo kazi ilimwelemea mabegani kama koti lililolowa.

Mwisho wa mstari alikuja Tulizo Ngailo wa darasa la tatu. Taa ikatoa kijani cha jani la mhindi mchanga.

"Huyo ndiye mtoto," Ezekia alisema, na hapo kidogo sauti yake ilipata uhai.

Tangu darasa la kwanza Tulizo hakuwahi kutoa hata njano. Picha yake ilikuwa ukutani nje ya ofisi ya mkuu, amefumba mdomo, macho makubwa, na chini yake imeandikwa: KINYWA BORA. MSOMA MATE: E. MLOWE. Kwa kweli maandishi ya pili yalikuwa makubwa kuliko ya kwanza, lakini hilo alisema ni kosa la mchapaji. Sasa wilaya nayo ilikuwa imemsikia. Alhamisi angekuja mkaguzi kuyapima mate ya Tulizo kwa mashine, na yakithibitika, picha yake ingebandikwa kwenye shule zote. Barua ya wilaya iliomba jambo moja la ziada: picha mpya, meno yaonekane.

"Tulizo, njoo hapa. Cheka."

Tulizo alitabasamu, midomo imefungwa.

"Hiyo ni ya kwenye msiba. Cheka ya kweli."

Akatikisa kichwa. Shule nzima ilijua kwamba Tulizo hucheka kwa kufumba, na shule nzima ilisema ni heshima, bibi yake amemlea vizuri. Lakini Ezekia aliishi kwa kuchekesha watu. Akavuta suruali hadi kifuani, akatoa tumbo, akaanza kutembea kama Mwalimu Mkuu Sanga alipoingia kwenye tope na viatu vipya: hatua moja, kusimama, kukitazama kiatu, kutazama kama kuna aliyeona, hatua nyingine. Mara ya tatu alipokitazama kiatu, Tulizo akashindwa. Alicheka hadi kichwa kikaenda nyuma, mdomo wazi.

Ezekia akasimama mguu mmoja juu.

Pembeni ya punje, kwenye gego lile lile, palikuwa na shimo jeusi la kuingia punje ya mtama. Jino la jirani lilikuwa limeanza kuwa kahawia. Na chini ya ulimi kulikuwa na kipande cheupe, kama chaki iliyovunjika.

Alimwingiza kwenye chumba chake, akafunga mlango.

"Toa. Hii nini?"

"Magadi."

"Magadi ya nini?"

"Ya kulainishia maharage."

"Najua ya jikoni ni ya kulainishia maharage. Ya mdomoni ni ya kulainishia nani?"

Tulizo alisema taratibu, "Wewe, mwalimu."

Ezekia akakaa. Magadi yanaua uchachu. Hilo analijua kila mpishi aliyewahi kuyatia kwenye mboga chachu, na alipaswa kulijua msoma mate kabla ya wote. Alifungua kumbukumbu za punje. Mate ya mtoto aliyekunywa maji hukaa jirani na saba, na namba hupanda uchachu unapopungua. Ya Tulizo yalikuwa nane na nukta tatu, asubuhi baada ya asubuhi, tangu darasa la kwanza. Hakuna binadamu mwenye mate ya namna hiyo. Yeye alikuwa ameyatazama, akaona kijani, akatafuta gundi ya kubandikia picha.

Alimsukutulisha maji, akamkalisha nusu saa, akampima upya kwa mashine ya mezani. Nyekundu. Akamtoboa kidole apime na sukari ya damu. Damu haikuwa imefika kwenye kisukari. Ilikuwa imefika mlangoni na kuvua viatu.

"Unakunywa nini, Tulizo?"

"Ulanzi. Ule wa alfajiri." Kisha akaongeza, kama anayemtetea mtu, "Haulevi ule."

Serikali ilikuwa imefunga viwanda vya soda tangu Ezekia hajazaliwa. Mianzi ilikuwa bado haijapata wa kuifunga. Wakati wa mvua unakata ncha ya mwanzi, unaning'iniza mbeta, kipande cha mwanzi chenye tundu, na usiku kucha utomvu unadondoka. Jioni unakuwa umechachuka, ni wa watu wazima. Alfajiri ni mtamu kama sukari iliyosahau kuganda.

Akamwambia arudi darasani. Tulizo aliondoka ameshika shavu. Ezekia alidhani ni aibu.

*

Jioni alipanda kilima hadi kwa Bibi Ngailo. Alikuta bibi amekaa kizingitini anachambua maharage kwa vidole, macho yake meupe yakitazama upande usio na kitu.

"Kamwene, bibi."

"Kamwene. Nani huyu anatembea kama amebeba gunia?"

"Ni Ezekia. Msoma mate."

"Aa." Vidole havikusimama. "Basi umejua."

"Nimejua."

"Umechelewa. Nilidhani wiki moja tu utajua."

Ezekia akakaa juu ya gogo. "Magadi ulimpa wewe?"

"Nilikuwa naonja mboga, nikasikia mdomo umebadilika. Nikajiuliza, hii punje yao ina akili ya kunishinda mimi?"

"Haina, bibi."

"Nilijua."

Ezekia alicheka bila kutaka, na bibi naye akacheka, jino moja juu na mawili chini.

"Bibi, kwa nini usimpe maji?"

"Maji nilimpa. Walipomleta hapa, mama yake ana siku mbili kaburini. Siku nne mtoto hakula, hakunywa. Nilimpa maji, akayatema. Maziwa, akayatema. Siku ya tano nikajikongoja mwenyewe hadi kwenye mianzi, naona kiza tupu, nikachukua mbeta ya alfajiri nikaitia mdomoni mwake. Akanywa. Akaomba tena. Wewe ungefanya nini?"

"Ningempa tena."

"Ehe."

"Lakini ni miaka mitatu sasa."

"Kwako ndiyo mitatu. Kwangu bado ni siku ya tano."

Tulizo alitokea nyuma ya nyumba na ndoo ya maji. Akamwamkia Ezekia, akachukua mkono wa bibi na kuuweka juu ya ungo wa maharage yaliyokwisha kuchambuliwa ili ajue yalipo, akamsogezea kigoda, akaingia ndani kuwasha moto. Hakuna aliyemtuma. Ilikuwa wazi kwamba ndiyo kazi yake ya kila siku, na kwamba pale nyumbani macho yalikuwa mawili tu na yote yalikuwa ya mtoto.

Ezekia akashusha sauti. "Jino ni jambo dogo, bibi. Jino tungeziba. Kitu kikubwa ni damu. Kinywaji kitamu hakiishii mdomoni. Kinaingia kwa kishindo, mwili unakimbizana nacho kila siku, na siku moja unachoka kukimbia. Ana miaka minane na damu yake ni ya mtu wa hamsini."

Vidole vya bibi vilisimama kwa mara ya kwanza.

"Ukimpeleka huko kwenu, atapona?"

"Atapona. Wanapona karibu wote."

"Mwaka?"

"Mwaka."

Bibi alichukua haragwe moja, akaligeuza, akalitupa, ingawa lilikuwa zima. "Sisemi kwa ajili yangu," alisema. "Hapana. Nasema kwa ajili yangu. Nikisema vingine nitakuwa naongopa, na leo tumeongopeana vya kutosha."

Ezekia alimfikiria yule mama nyuma ya jiko la shule. Aliifikiria nyumba hii bila yale macho mawili. Na mahali pa chini zaidi, ambapo hakupenda kupachungulia, aliifikiria picha ya ukutani na jina lililo chini yake, na jinsi walimu watakavyocheka juu ya sahani ya viazi.

"Ulanzi uishe leo," alisema. "Maji tu. Mkaguzi anakuja Alhamisi. Mimi nitajua la kufanya."

"Utafanya nini?"

"Bibi, mimi ndiye msoma mate."

Ndani, Tulizo alikuwa ameacha kupuliza moto. Alikuwa anasikiliza, kiganja kimekaa shavuni.

*

Jumanne Ezekia alitangaza kwamba taa ya langoni imekufa kwa mvua. Ilikufa kweli, kwa sababu alikuwa ameichomoa waya. Jumatano alimpima Tulizo kwa siri. Nyekundu bado. Siku mbili za maji hazifuti miaka mitatu. Hata yeye alilijua hilo, ila alikuwa amefika mahali pa kutumaini mambo asiyoyaamini.

Mkaguzi, Bi Honorata Chengula, alifika Alhamisi saa nne na tope hadi magotini. Gari lake lilikuwa limekwama mara mbili. Hii ilikuwa shule yake ya kumi na nne wiki ile, na alikaa kwenye kiti cha Ezekia kama mtu aliyeahidiwa kwamba hatasimama tena.

"Nipe chai, kaka yangu," alisema. "Isiyo na kitu. Nikiionja sukari leo nitalia."

Ezekia alimpa. Mwalimu Sanga aliingia kumkaribisha, akasema maneno mengi, akatoka. Tulizo alisimama karibu na dirisha, sare yake imenyooshwa, midomo imefumbwa.

"Huyu ndiye?"

"Ndiye."

"Basi tumalize. Kikombe."

Utaratibu wa kikombe ulikuwa mmoja nchi nzima. Mtoto anasukutua maji ya bomba, anasubiri, anaingia nyuma ya pazia na msoma mate wake, anatema kwenye kikombe cha karatasi chenye namba. Jina haliandikwi. Mashine za kwanza zilikuwa zinasoma kila kitu, hata ukoo, na katika muhula mmoja zilivunja ndoa saba kwenye kata moja, mojawapo ya mzee wa kanisa. Wazazi wakaandamana. Sheria ikabadilishwa: mate yasomwe kinywaji, yasisomwe baba. Tangu hapo mashine haikujua mate ni ya nani, na kwa kuwa haikujua, ilibidi mtoto mwenyewe aseme. Baada ya kipimo alibonyeza kidole gumba kwenye wino, akakiweka kwenye kikombe, akatamka: Ni yangu. Watoto walikuwa wanaigiza utaratibu huo hata kwenye michezo yao, wakigombania mpira.

"Nenda bombani," Ezekia alimwambia Tulizo. "Sukutua, kisha hesabu hadi mia mbili. Polepole."

Mtoto akatoka. Ezekia aliingia nyuma ya pazia kupanga vifaa, kama ilivyo kawaida. Upande wa pili Bi Honorata alikuwa amefumba macho, chai kifuani.

Alikitazama kikombe kitupu. Kwa miaka sita hakuwa amekunywa kitu kingine zaidi ya maji na maziwa. Katika yote aliyojisifia, hilo peke yake lilikuwa kweli. Akainama, akatema. Akatema tena hadi mstari. Mate yalikuwa safi, hayana povu jingi, na kwa sekunde moja ya kijinga aliyaonea fahari.

Aliponyanyua kichwa, pazia lilikuwa linacheza kidogo. Akadhani ni upepo wa dirishani.

Tulizo alirudi, kidevu kimelowa. Ezekia akamwita nyuma ya pazia, akasimama naye muda wa kutosha mtu kutema, akamwekea kidole midomoni, kisha wote wakatoka na kikombe. Ezekia alimshukuru moyoni kwa ukimya wake.

Mashine ilikoroma, ikawaza, ikatoa kijani. Sita na nukta tisa. Sukari hakuna. Wadudu wa kutoboa meno wachache mno.

Bi Honorata alifungua macho yote mawili. "Hee. Haya mate yangeweza kuuzwa." Aliandika. "Mwalimu, hongera. Wiki nzima naona nyekundu na njano, nimeanza kuota taa. Bibi yake anampa nini?"

"Maji," alisema Ezekia.

"Maji. Umeona? Ni jambo rahisi hivyo." Akavuta kidau cha wino. "Haya, mama, weka kidole, useme, nikalale."

Tulizo alisogea mezani. Alibonyeza kidole gumba kwenye wino. Akakiinua juu ya kikombe, na hapo akakiacha hewani.

"Ni yako?" Bi Honorata aliuliza, tayari anafunga kalamu.

Mtoto alimtazama Ezekia. Si kwa hasira. Alimtazama kama anayeomba ruhusa ya kwenda chooni.

"Hapana," alisema.

Kalamu ikasimama.

"Ni ya mwalimu. Nimemwona anatema. Nilihesabu hadi thelathini tu."

"Tulizo," Ezekia alianza, na sauti yake ilitoka na tabasamu, kwa mazoea, "si tuliongea na bibi..."

"Bibi alisema nisiseme. Na wewe ulisema nisiseme." Machozi yalikuwa yanashuka, lakini sauti haikutetemeka. "Jino linauma. Linauma tangu mahindi hayajapandwa. Nilitaka mashine isome ya kwangu, ili waone."

Akafungua mdomo. Aliufungua wote, mbele ya mkaguzi, bila mtu kumchekesha, akaonyesha kwa kidole chenye wino. Wino ukabaki kwenye mdomo wa chini.

Bi Honorata aliinuka kwenye kile kiti. Alimshika mtoto kidevu, akamgeuzia kwenye mwanga wa dirisha, akatazama kwa muda mrefu. Kisha akamfuta machozi kwa ncha ya kitenge chake.

"Nani anakaa na bibi yako?"

"Mimi."

"Anaona?"

"Haoni."

Mkaguzi alivuta pumzi. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyeongezewa shule ya kumi na tano. "Litafikiriwa," alisema. "Bibi naye atafikiriwa. Lakini kwanza tupime mate yako. Kasukutue, mama. Safari hii hesabu unavyotaka."

Tulizo alitoka. Chumbani ilibaki mashine ikikoroma na picha moja ya Kinywa Bora, ile nakala ndogo aliyoibandika Ezekia juu ya meza yake. Alitafuta la kusema. Alikuwa na mzaha wa kila jambo, wa msiba na wa harusi, na sasa alifungua mdomo akakuta ulimi umegandia juu. Mate yote yalikuwa kwenye kikombe.

Bi Honorata hakupandisha sauti. Alikisukuma kile kikombe polepole hadi upande wa Ezekia, akakisogeza na kidau cha wino.

"Haya, kaka yangu," alisema. "Mashine haijui ya nani. Weka kidole, useme."

Nje, bombani, Tulizo alikuwa anahesabu kwa sauti. Alikuwa amefika kumi na saba. Ezekia alibonyeza kidole gumba kwenye wino, akakiweka kwenye karatasi ya kikombe iliyokuwa bado ina joto.

"Ni yangu," alisema.